PC ya nyumbani imekuwa nzito, nibadilishe antivairasi tena au tatizo liko kwingine?

mzee_wa_kihonda (mleta mada):

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana hapa nilipofika hata sijui nashika wapi. Nina desktopu ya nyumbani, ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM 4, HDD ya GB 500, Windows 10. Watoto wanasomea na mama yao ambaye ni mwalimu anachapia mitihani, akimaliza anaweka kwenye flashi anapeleka steshenari kutoa kopi.

Shida zenyewe ni kwamba ikiwashwa inachukua muda mpaka unasahau ulitaka kufanya nini, ukifungua Word unasubiri, Chrome ndo kabisa, feni inavuma muda wote. Halafu kuna vijumbe vinatokea kule chini kulia, eti kompyuta yako imeambukizwa, leseni imeisha, lipia sasa, na vina nembo ya antivairasi kubwa tu ambayo mimi sijawahi kuiweka humu. Juzi tena flashi ya mwalimu imerudi kutoka steshenari mafaili yote yamegeuka shotikati na mtihani wa kidato cha pili umo humo humo.

Kuhusu antivairasi, mwanzoni ilikuwepo moja ya kulipia (jina naliacha sitaki kesi na mtu), leseni ikaisha nikaitoa nikaweka ya bure ya kampuni nyingine, nayo ikawa kazi yake ni kunitangazia biashara, nikampelekea kijana mmoja wa mtaani akaniwekea nyingine akasema hii ni full mzee haiishi milele. Tangu hapo ndo imezidi. Sasa nataka niitoe niweke nyingine ila kabla sijachoma bando naomba mnitajie ipi nyepesi inayoweza kuondoa hivi virusi vyote kwa mkupuo. Sitaki kujaribujaribu, bando lenyewe la kuungaunga.

chuma_cha_pua:

weka kaspersky mkuu utanishukuru baadae

mnyalu_digital:

Hapo usihangaike na antivairasi yoyote, piga Windows upya. Jioni moja tu umemaliza.

fundi_bisibisi:

Tulieni kwanza jamani, mtu hajasema hata diski yake ina hali gani mnamwambia apige Windows, na kuna mtihani wa watu umekwama.

Mzee wa Kihonda pole. Ukiona mtu anabadilisha antivairasi na kila mpya inaongeza uzito basi mara nyingi shida siyo jina la antivairasi. Hapa umeleta malalamiko kama manne hivi na yote umeyaita virusi, wakati inawezekana kabisa kila moja lina sababu yake. Usidaunlodi kitu leo. Fanya haya kwanza, hayali bando hata kidogo.

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager, ikija ile ndogo gusa More details, nenda Performance halafu Disk. Nisomee asilimia ya Active time na chini yake Average response time imeandika ms (milisekunde) ngapi. Usisome mara tu ikiwaka, iache kama dakika kumi imalize kujipanga. Hapo hapo gusa na Memory uniambie imefika ngapi.

Halafu fungua Windows Security, kule chini kushoto kuna Settings, ingia uguse Manage providers. Itakuorodheshea antivairasi zote ambazo Windows inazitambua. Majina baki nayo, niambie zipo ngapi na ipi imewashwa.

Na ule ujumbe ukitokea usiubonyeze, soma maandishi yake madogo. Ukiona neno Chrome na jina la tovuti ujue hicho siyo kirusi wala siyo antivairasi, ni notifikesheni ya brauza.

mzee_wa_kihonda:

Shukrani mkuu, nimefanya kama ulivyosema. Disk 100% na haishuki, response time inacheza kati ya 1,800 na 3,000 ms, halafu cha kushangaza kasi ya kusoma ni kama MB 1 tu kwa sekunde, sasa kama inasoma kidogo hivyo imejaaje? Memory 81%.

Kwenye providers zipo tatu. Ile ya kulipia naiona bado ipo na niliitoa kitambo, ile ya kijana imewashwa, na Microsoft Defender, ile inayokuja na Windows yenyewe, imezimwa. Ile ya bure haimo kwenye orodha ila folda lake liko C mpaka leo na lina mafaili ndani.

Ujumbe ni kweli, una kialama cha Chrome na jina la tovuti la ajabu ajabu, herufi na namba zimechanganywa.

fundi_bisibisi:

Sawa, tuanze na lililo jepesi ulitoe kichwani.

Ujumbe. Fungua Chrome, nukta tatu za juu kulia, Settings, Privacy and security, Site settings, Notifications. Shuka mpaka sehemu ya tovuti zilizoruhusiwa, utaikuta hiyo na pengine ndugu zake, ziondoe zote, halafu pale juu chagua tovuti zisiruhusiwe hata kuomba. Kinachotokea ni kwamba kuna mtu aliingia tovuti ya kuangalia mpira au muvi ya bure ikamwambia abonyeze Allow kuthibitisha yeye siyo roboti, akabonyeza. Basi tovuti ikapata ruhusa ya kutuma vijumbe hata kama haijafunguliwa. Nembo wanaiba tu ya kampuni maarufu, ukibonyeza unapelekwa mahali pa kujaza kadi ya benki. Ukihama antivairasi ile ruhusa inabaki pale pale kwenye Chrome.

Sasa hizo antivairasi zako. Antivairasi inaweka dereva (kiprogramu cha ndani, siyo mtu) ndani kabisa ya Windows, inakaa katikati ya programu na diski, kila faili likitaka kufunguliwa lazima lipite kwake kwanza. Zikiwepo mbili faili moja linakaguliwa mara mbili, na mbaya zaidi hii ikifungua faili ili ilikague ile nyingine inaona faili limefunguliwa na yenyewe inaanza kulikagua. Ni makonda wawili kwenye daladala moja wanadai nauli kwa abiria huyo huyo, gari haliondoki stendi. Ndo maana ukiweka antivairasi ya kampuni nyingine Defender inajipumzisha yenyewe, na ukiitoa hiyo vizuri inaamka yenyewe. Zako zimetolewa nusunusu.

Ukitaka kuona kwa macho, tafuta cmd (dirisha jeusi la kuandikia amri), bofya kulia chagua Run as administrator, andika fltmc halafu Enter. Itakuja orodha, angalia safu ya Altitude. Namba kuanzia 320000 mpaka 329998 ni eneo walilotengewa antivairasi. WdFilter ni ya Defender, iache. Ukikuta majina mengine kwenye eneo hilo hayo ndo masalia, au ya huyo kijana.

Kutoa kwake, Settings, Apps, Uninstall, kisha ristati, halafu unamalizia na kitoleo cha kampuni yenyewe maana Uninstall ya kawaida huwa inaacha vitu. Kaspersky wana kavremover, Avast wana Avast Clear, AVG nao wana chao, McAfee wana MCPR, ESET wana ESET Uninstaller na hiyo inataka uwe Safe Mode, yaani Windows iwake na vitu vya lazima tu. Chukua kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, usiandike Google ukabonyeza tangazo la kwanza, utarudi hapa na mgeni mwingine. Safe Mode unaingia kwa kushikilia Shift huku unabonyeza Restart, Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu namba 4. Kuwa na paswadi ya akaunti mkononi, PIN huko wakati mwingine inagoma.

LAKINI USIANZE BADO. Hiyo diski ndo inanitisha kuliko virusi. Diski inayohangaishwa na antivairasi mbili itakuwa 100% sawa, ila utaona inasoma MB nyingi nyingi. Yako inasoma MB moja na inachukua sekunde mbili tatu kujibu. Hiyo dalili yake ni diski inayorudia kusoma sehemu ile ile ikijaribu kuielewa. Hamisha mafaili ya muhimu leo, mitihani, picha, vyeti, weka kwenye diski ya nje au hata simu kwa waya. Na usifanye full scan sasa hivi hata mtu akikushawishi vipi, full scan inasoma kila faili lililomo, diski mgonjwa unaweza ukaimalizia hapo hapo. Ukishahamisha daunlodi CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, ni ndogo, uniambie rangi ni bluu, njano au nyekundu na uangalie mistari ya 05, C5 na C6.

dada_steshenari:

Habari zenu. Kwenye flashi naomba niongee mimi maana hizi ndo kazi zangu kila siku, nina duka la kuprinti karibu na shule.

Baba usifomati hiyo flashi. Mafaili ya mwalimu mara nyingi yamo tu, yamefichwa. Hicho kirusi kinaficha faili la kweli kinaweka shotikati yenye jina lile lile, ukibonyeza faili linafunguka kweli kwa hiyo unaona mambo shwari, kumbe umekiwasha na chenyewe kimeshajinakili kwenye kompyuta, na kuanzia hapo kila flashi inayochomekwa inaondoka nacho. Zamani vilikuwa vinajiwasha vyenyewe ukichomeka tu, lakini Microsoft waliizima hiyo njia kuanzia Windows 7 na Windows za nyuma wakazipa apdeti mwaka 2011, ndo vikahamia kwenye mtindo wa kukusubiri ubonyeze.

Chomeka flashi kwenye kompyuta unayoiamini, usibonyeze kitu ndani yake, angalia imekuwa herufi gani, tuseme E. Fungua cmd andika

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri imalize. Yatatokea mafaili ya kweli. Yanakili sehemu salama, zile shotikati futa, na ukiona faili lolote linaishia na .vbs au .js (hizo ni programu ndogo, siyo dokumenti) au folda ambalo halina jina usilifungue. Kwenye kompyuta yenyewe ukiangalia Task Manager ukaona wscript.exe inafanya kazi muda wote na hujui imetoka wapi, ndo huyo.

Halafu nikwambie kitu sisi wenye maduka huwa hatupendi kukisema, kompyuta ya steshenari inachomekwa flashi za mtaa mzima. Mimi yangu naisafisha lakini siwezi kukuapia kwamba haijapitiwa na kitu tangu asubuhi. Mwambie mwalimu abadilishe mtihani uwe PDF atume kwa imeili au WhatsApp, siku hizi wateja wangu wengi wanafanya hivyo na mpangilio hauharibiki pia, maana Word ya kwangu na ya kwako zikitofautiana maswali yanahama kurasa mnaanza kunilaumu mimi.

pwani_001:

Nimesoma uzi wote na nakubaliana na fundi kwenye diski ila naona huko tunakoelekea mtamwambia Defender inatosha na habari iishe. Haiishi hivyo. Defender ya sasa ni nzuri, maabara kama AV-TEST ya Ujerumani wanaipa alama za juu na mimi sibishi. Ila nguvu yake kubwa inatoka mtandaoni, faili likiwa geni inauliza kwa Microsoft. AV-Comparatives ya Austria wanapima pia kompyuta ikiwa haina intaneti na hapo Defender huwa inashuka ukilinganisha na baadhi ya za kulipia. Sasa mtu wa bando la kuungaunga, anachomeka flashi za steshenari data ikiwa imezimwa, huyo siyo mtu wa mfano kwenye matangazo ya Microsoft. Kwake ya kulipia inaweza kuwa na maana.

Na za bure siyo bure kama mnavyodhani. Avast walikuwa na kampuni tanzu inaitwa Jumpshot iliyokuwa inauza historia ya watu wanavyotembelea tovuti, wakaifunga mwaka 2020 baada ya kelele, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikawalipisha dola milioni 16.5 kwa hilo. Halafu watu wanahama kutoka Avast kwenda AVG kutoka AVG kwenda Avira wanadhani wamehama nyumba, zote hizo pamoja na Norton ziko chini ya kampuni moja, Gen Digital.

@chuma_cha_pua hiyo Kaspersky unayoitaja Marekani waliipiga marufuku kuuzwa kwao mwaka 2024. Sababu yao ni siasa na usalama wa nchi, siyo kwamba haikamati virusi, na huku kwetu inauzwa kama kawaida. Lakini mtu ukimshauri umwambie na hilo aamue mwenyewe.

chuma_cha_pua:

mimi natumia na haijawahi kunisumbua, siasa za wamarekani zinanihusu nini

fundi_bisibisi:

Pwani hoja yako ya bando naipokea, ile ya nje ya mtandao ni kweli kabisa. Ila hata ya kulipia isipopata apdeti inabaki na kumbukumbu ya virusi vya mwezi uliopita, kwa hiyo bando linamhusu huko pia. Na kwa kirusi cha flashi hicho cha vbs Defender haihitaji kumuuliza mtu, ni mambo ya kizamani yale.

Ninachokipinga kwa nguvu zote ni hiyo "full haiishi". Antivairasi ina madaraka kuliko programu yoyote kwenye kompyuta, inaona kila faili, inaweza kufuta chochote. Sasa aliyeikreki, yaani aliyeivunja ifanye kazi bila leseni, amebadilisha mafaili yake, mara nyingi na kuizuia isiongee na kampuni yake ili isijulikane, kwa hiyo una mlinzi ambaye hapati taarifa mpya na hujui nani mwingine anamtuma. Mzee hiyo ndo iondoke kwanza kuliko zote. Na ukishaitoa Defender ikaamka, fungua Virus & threat protection, Manage settings, shuka mpaka Exclusions uniambie umekuta nini.

mzee_wa_kihonda:

Wakuu nimerudi. Mitihani yote imepatikana kwa ile njia ya dada, Mungu akubariki sana, mwalimu hapa anasema nikusalimie na PDF ameelewa. Picha na mambo mengine nimehamishia kwenye diski ya nje niliyoazima, kuna folda moja la picha za harusi ya mdogo wangu lilikuwa linakwama katikati nikaliruka nikalirudia mwisho, mengi yamepita machache yamegoma kabisa.

CrystalDiskInfo rangi ni njano, imeandika Caution. 05 ina namba na C5 ina namba, C6 nayo ipo.

Vijumbe vya Chrome vimekoma moja kwa moja, kulikuwa na tovuti kibao zimeruhusiwa, nimewaita watoto tumeongea.

Halafu sasa, nimetoa ya kijana na kusafisha na vitoleo vya zile nyingine kule Safe Mode, fltmc imebaki WdFilter peke yake kwenye yale maeneo. Defender imeamka. Kwenye Exclusions nimekuta imeandikwa C:\ Hii maana yake nini?

fundi_bisibisi:

Maana yake Defender imeambiwa isiangalie diski C. Yote. Ingekuwa imewaka hapo mwaka mzima na alama ya tiki ya kijani, na kirusi kikatembea mbele yake. Hilo huwekwa ili Defender isifute kreki, maana ikiziona inazifuta, zile za kuwasha Windows na Office kwa ujanja inaziita HackTool. Mwenye kuweka anatakiwa aweke folda moja, kijana amerahisisha kazi. Ifute hiyo C:\ sasa hivi.

Diski yako habari ndo hiyo. 05 ni sehemu zilizokwisha haribika zikahamishiwa kwenye akiba, C5 ni zinazosubiri hukumu, C6 ndo zisizosomeka. Hakuna programu ya kuitibu, usimpe mtu hela akikwambia ataitibu. Uzito wako sehemu kubwa ulikuwa hapa, zile antivairasi zilikuwa zinaongezea tu. Tafuta SSD ya SATA (diski ya kisasa isiyozunguka, ina kasi kuliko HDD), hata ya GB 240 inatosha, inaingia kwenye waya zile zile. Ukipata na RAM nyingine ya 4 uongeze, 81% ukiwa hujafungua kitu ni nyingi.

Na sasa ndo muda wa mnyalu, apige Windows yake.

mnyalu_digital:

Nilisema mimi 😂

kijana_254:

Niaje wasee, ngoja niongeze kitu moja kabla hajaweka Windows kwa SSD. Windows 10 Microsoft walimaliza kuisapoti tarehe 14 Oktoba 2025. Na hiyo mashine ni kizazi cha tatu, Windows 11 inataka Intel kizazi cha nane kuendelea na TPM 2.0 (chipu ya usalama), so rasmi haiingii. Kuna watu huilazimisha, mimi siwezi kushauri mtu wa nyumbani afanye hivyo, siku moja apdeti inakataa unabaki umekwama.

Njia ziko. Microsoft wana mpango unaitwa ESU, unapata apdeti za usalama za Windows 10 mpaka 13 Oktoba 2026, lazima iwe toleo la 22H2 na uwe na akaunti ya Microsoft. Kulipa ni dola 30 lakini ukikubali kuhifadhi setingi zako kwa akaunti yao ni bure. Utaipata kwa Settings, Update & Security, Windows Update. Defender yenyewe walisema itaendelea kupata taarifa za virusi kwa Windows 10 mpaka Oktoba 2028, lakini hiyo isikudanganye, antivairasi haizibi mashimo ya Windows, inakamata tu wenye wameshaingia.

Ama weka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, kama hiyo mashine ni ya kuchapa na kubrauzi tu. LibreOffice, ofisi yake ya bure, inafungua Word sawa. Kwa nyumba yetu mzazi anaitumia na hajui hata kama ni Linux.

pwani_001:

Mint kwa mwalimu anayetuma Word steshenari? Dada hapo juu amesema kurasa zinahama hata Word kwa Word.

dada_steshenari:

PDF jamani, nimeshasema PDF.

mzee_wa_kihonda:

Mrejesho wakuu. SSD imepatikana na RAM nimeongeza, Windows 10 imewekwa safi na fundi wa dukani nikiwa nimesimama pale pale, nikamkataza kabisa kuniwekea antivairasi yoyote, akanishangaa. ESU nimejiunga ile ya bure. Inawaka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti, Disk ikiwa imetulia inasoma 0 mpaka 2%, na feni kumbe inaweza kunyamaza.

Swali la mwisho. Defender ndo nimeiacha peke yake kama mlivyosema, lakini kuna wiki tunakaa hatuna data. Inapataje apdeti? Na ile diski ya nje niliyohamishia mafaili nina wasiwasi nayo isije ikanirudishia vile vile.

fundi_bisibisi:

Diski ya nje ukiichomeka usifungue folda lolote, bofya kulia juu yake chagua Scan with Microsoft Defender, iache imalize. Sasa hivi kuskani ruhusa, hiyo SSD ni nzima. Ukitaka kujiridhisha zaidi kuna Malwarebytes ya bure, ukiizuia ile majaribio ya siku 14 inabaki ya kuskani ukiiita tu, haigombani na Defender. Mafaili ya kazi rudisha, mafaili ya kuinstolia programu za zamani usirudishe hata moja, hasa yale ya kijana. Na kwenye File Explorer nenda View uweke tiki kwenye File name extensions, ili faili likijiita mtihani.pdf.vbs ulione mkia wake.

Apdeti, ukiwa na data iache ichukue yenyewe, zile za kila siku ni vipande vidogo. Mkikaa wiki bila data, mwalimu akiwa sehemu yenye intaneti ya bure adaunlodi faili linaitwa mpam-fe.exe kwenye tovuti ya Microsoft ya apdeti za Defender, achague la 64-bit. Siyo dogo, linazidi MB 100, na kila mara unachukua jipya maana la zamani halina kazi. Unalibofya mara mbili, halifungui dirisha lolote, usidhani limegoma. Ukiangalia Windows Security, Protection updates, utaona tarehe imebadilika.

mzee_wa_kihonda:

Nimeelewa mkuu, tarehe nimeiona. Asanteni sana wote, na wewe dada wa steshenari ukiwa Moro sema upo mtaa gani tulete kazi.

chuma_cha_pua:

samahani wakuu nje ya mada kidogo, nani ana kii ya kaspersky ya bure anitupie inbox, yangu imeisha jana